Kina cha Maji

Alikuja na sanduku la bati, redio, na kengele ya shaba.
Kengele aliitundika nje ya masjala,
juu ya kichwa changu hasa,
akamwambia Lechipya mlinzi: kila baada ya saa nne, igonge.
Lechipya akauliza, na usiku?
Usiku ndiyo hasa.

Ndivyo Kamanda Hatibu Mwinchande alivyoanza kutawala Bahi.
Miaka ishirini na sita majini,
boti za doria, mafuta ya magendo, wavuvi wa baruti,
mguu mmoja uliovunjwa na mnyororo wa nanga,
kisha barua ya uteuzi, ukurasa mmoja tu,
ikamtupa huku
ambako vumbi huingia hata ndani ya bahasha yenye lakiri.

Ofisi ina vyumba vitano. Akavibatiza:
chake omo, choo shetri,
stoo ya mahindi ya msaada ngama.
Afisa kilimo alitumwa ngama, akaishia chooni,
akatoka na faili kwapani kama aliyekwenda kukagua.
Tulicheka tumeinamia meza.

Daftari lake ninalo mimi.
Aliandika kama bado yuko kwenye daraja la meli:
Saa mbili. Upepo wa mashariki. Anga nyeupe. Hakuna la kuripoti.
Saa sita. Upepo uleule. Mbuzi wawili ndani ya ngama. Wameondolewa.
Na kwenye safu ya kina cha maji,
siku mia moja na kumi na moja, sufuri,
sufuri nzuri, za duara,
kama za mtoto anayetaka kusifiwa na mwalimu.

Kiangazi kile visima vya Chali vilitoa tope,
kisha harufu, kisha hewa.
Akaleta maboza mawili. Akapiga hesabu ya melini:
lita nane kwa kichwa, foleni moja, jina, dole gumba.
Mgambo wakasimama kama nguzo za reli.
Nikiri, ilifanya kazi.
Hakuna aliyepigwa, hakuna ndoo iliyoibwa,
diwani alisimama nyuma ya mjane, akanuna, akangoja.

Hadi siku ya Mama Mbeleje.
Alipokea lita zake nane, akaweka dole,
akatembea hatua sita,
akazimimina zote kwenye karai
mbele ya ndama mwenye mbavu za kuhesabika.

Kamanda akamfuata akichechemea.
Mama, hayo ni ya kunywa wewe.
Hakugeuka. Mkono ulikuwa shingoni mwa ndama.
"Huko melini kwenu mlihesabu watu tu.
Huyu naye ni wa nyumbani.
Ndiye ada ya shule, ndiye mahari, ndiye sanda yangu.
Nikinywa peke yangu, baba,
nitakuwa nimekunywa nini?"

Usiku ule kengele haikulia. Lechipya aliapa kwamba alizuiwa.
Taa ya omo iliwaka hadi jogoo,
na asubuhi nikapewa jedwali jipya nilichape:
watu, ng'ombe, mbuzi, punda,
na chini kabisa, kwa kalamu,
ndama wa Mama Mbeleje, lita mbili.

Hayakutosha. Siwezi kudanganya.
Boza liliisha kabla ya saa tano
na watu wa Ilindi wakarudi na madumu
yanayogongana kwa utupu.
Mwezi uliofuata ikaja barua nyingine. Ukurasa mmoja.

Aliondoka kwa treni ya usiku,
sanduku, redio. Kengele aliiacha.
Hapakuwa na ngoma wala hotuba.
Mama Mbeleje hakuja, ng'ombe hawajichungi.
Lechipya anagonga bado, nadhani kwa mazoea,
ingawa saa zake amezichanganya.

Mvua ilipofika, wiki tatu baadaye,
nililifungua daftari kwenye safu ile
nikasita, kalamu mkononi.
Hakunifundisha maji hupimwa wapi.
Nikachungulia dirishani, nikaandika:
kwato za ndama zimezama.